Mguu Mzima Kwanza

Aliyemkuta Kalekye alikuwa Nashipae, mama kijana aliyekuja na mtoto mgongoni. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kwanza mwaka 1998, siku ya kliniki. Mlango ulikuwa wazi. Nashipae alibisha hodi, akangoja, akaingia. Kalekye alikuwa amelala sakafuni kati ya meza na kitanda cha mazoezi, uso ukiwa kwenye saruji. Kando ya kichwa chake kulikuwa na chuma cha mguu, aina ile wanayofungwa watoto wa polio ili goti lisikunjike, na chuma hicho kilikuwa na damu.

Nashipae hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume hadi nje, akamvutia mtoto shuka usoni, akapanda kuelekea barabarani kwa upande wa nyasi. Ngazi za udongo aliziacha, kwa kuwa ziliteleza na yeye alikuwa na mtoto. Tahadhari hiyo ya mama mmoja ndiyo iliyoziokoa alama zote.

Inspekta Wamalwa wa idara ya upelelezi alifika kabla ya saa tatu. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye fimbo ya mzeituni mkononi. Fimbo ile haikuwa ya madaraka. Miaka mitatu nyuma gari la polisi lilipinduka naye kwenye barabara ya Namanga na nyonga yake ya kulia ikavunjika. Hospitali ilimtia chuma ndani ya mfupa ikamrudisha nyumbani. Aliyemfundisha kutembea tena ni huyu mwanamke aliyekuwa sasa sakafuni mbele yake.

Alivua kofia. Konstebo Omolo, aliyemfuata nyuma, alitazama pembeni ili asimwone bosi wake machoni.

Mji wa Kitengela wa wakati huo haukuwa huu wa sasa. Kutoka mlangoni pa kliniki macho yalikwenda bila kuzuiwa hadi vilima vya Lukenya. Hakukuwa na ukuta wala geti, na kiangazi kilipozidi nyumbu walitoka mbugani wakapita karibu na nyumba za watu. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe na kibanda cha mabati ubavuni, mahali palipoinama chini ya barabara. Kupanda barabarani kulikuwa na ngazi chache zilizochongwa kwenye udongo mweusi. Ule ni udongo unaoganda kwenye kiatu mpaka mtu anakuwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimeugeuza ugali.

Katika chumba hicho Wamalwa alikuwa amelala chali miezi mingi huku Kalekye akimkunja na kumkunjua. Kalekye alikuwa mtaalamu wa viungo, mzaliwa wa Machakos, mfupi, mwenye mikono ya mwanamke anayesukuma chapati. Wagonjwa walimwita Sista. Hakukubali mgonjwa afanye zoezi bila kujua sababu yake. Ukutani alikuwa amebandika picha kubwa ya nyonga na paja lisilo na ngozi, na kwa kutumia mpini wa ufagio alikuwa akionyesha: hapa kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kwenye kikombe cha fupanyonga, hapa misuli minne ya mbele inayonyoosha goti, hapa ile ya ndani ya paja inayorudisha mguu katikati, na hapa ubavuni, msuli huu unaoshikilia kiuno kisianguke unaposimama kwa mguu mmoja. Wamalwa, aliyesoma kidato cha nne kwa masomo ya jioni akiwa tayari konstebo mwenye watoto wawili, alimpenda mwalimu wa namna hiyo. Alikariri kila kitu.

Sasa picha ilikuwa bado ukutani. Mezani kulikuwa na sanamu ya plasta ya kiuno na makalio, ambayo kwa kawaida hukaa kabatini. Karibu nayo, kichupa cha dawa ya zambarau kikiwa wazi. Kwenye tako moja la sanamu palikuwa na msalaba wa zambarau ulioligawa sehemu nne, na kwenye tako la pili nukta moja tu, chini, karibu na katikati. Wamalwa aliitazama nukta ile kwa muda. Kisha akamwambia Omolo asiiguse.

Nje, kazi ilionekana rahisi mno. Mvua ilikuwa imenyesha Jumatano alasiri ikakatika jioni, na kufuta kila kitu. Alama zilizokuwapo ngazini ni za mtu mmoja aliyetoka baada ya mvua. Kiatu cha kushoto kilikuwa cha kawaida. Cha kulia kilikuwa na soli nene kama tofali.

Hapakuwa na mtu Kitengela asiyekijua kiatu hicho. Ni cha Nashon Ondiek, fundi wa vyuma vya miguu, ambaye polio ilimwachia mguu wa kulia mfupi na mwembamba akiwa mtoto huko Ahero. Kalekye alimtibu, akamfundisha ufundi, akampa kile kibanda cha mabati afanyie kazi. Kabla ya saa sita viatu hivyo, vimejaa matope, vilipatikana kwenye michongoma nyuma ya nyumba aliyopanga mtaa wa Noonkopir. Nashon alikamatwa akiwa anakula. Watu walikuwa wameanza kukusanyika na mafuta ya taa, na polisi walimtoa kwa mlango wa nyuma.

Wamalwa aliagiza mabati yaletwe yafunike ngazi zile mvua isizifikie. Omolo aliona ni kazi bure, maana kesi ilikuwa imekwisha. Bosi wao wa Kajiado aliona hivyohivyo. Alipiga simu akasema Nashon apelekwe kortini Kajiado Jumatatu kwa shtaka la kuua. Shtaka hilo, likithibitishwa, lilikuwa na hukumu moja tu.

Alhamisi hiyohiyo mchana Wamalwa alipita maduka ya kando ya barabara. Wengi hawakuona kitu, mvua iliwafungia ndani. Aliyeona ni Muteti, mwenye duka la dawa, ambaye mji mzima ulimwita Daktari. Muteti alikuwa mtanashati wa miaka arobaini na kitu. Watu walimjua kwa mambo mawili: kukaa barazani mguu mmoja ukiwa umepanda juu ya mwingine akisoma gazeti, na namna alivyopanda baiskeli yake nyeusi ikiwa tayari inakimbia, akiurusha mguu wa kulia juu ya tandiko kama kijana. Siku hiyo alikuwa ndani, nyuma ya kaunta, kwenye kiti kirefu, mguu ameuegemeza juu ya kreti ya soda. Hakusimama kumsalimu Inspekta. Wamalwa aliona ni majivuno, akayapuuza.

Muteti alisema alimwona Nashon akipanda kutoka kliniki jioni, mvua ilipokatika, akitupa mguu wake kama kawaida. Alisema kwa huzuni. Kalekye alikuwa mtu wa kwao, walisoma shule moja ya msingi, na sasa nani atawaambia wazee.

"Wewe mwenyewe ulikuwa umefika kliniki karibuni?" Wamalwa aliuliza.

"Mimi? Tangu Krismasi sijateremka huko, Inspekta. Kila mtu na kazi yake. Yeye ni miguu, mimi ni dawa."

Kulikuwa pia na Mzee Kisemei. Kiwanja cha kliniki kilikuwa chake, alikitoa bure siku ambazo ardhi haikuwa na wanunuzi. Sasa wanunuzi kutoka Nairobi walikuwa wanakuja kila wiki, na watu walimsikia Desemba akimwambia Kalekye atafute pahali pengine. Wamalwa alimkuta Ijumaa asubuhi amekaa juu ya jiwe mbele ya kliniki, blanketi mabegani. Jumatano alikuwa mnadani Kajiado na akalala kwa binti yake huko. Mkwe na majirani walithibitisha. Tena miguuni alivaa akala za tairi, na mguu wake ulikuwa mpana usioweza kuingia kwenye kiatu cha Nashon hata kwa kupigwa nyundo.

"Nilitaka kuuza," mzee alisema. "Huyu mama alinikasirikia, na mimi nikamkasirikia. Sasa niambie, nauza aje?"

Wamalwa alikaa naye kidogo juu ya jiwe lile. Wakatazama nyanda.

Kutoka hapo alikwenda seli kumhoji Nashon. Alimkuta Elsie, mkewe, nje na bakuli la ugali na omena, akingoja ruhusa. Alimruhusu.

Nashon alikuwa amevimba jicho. Alisema viatu vile ni vyake vya zamani. Alikuwa ameviacha kwenye meza ya kibanda avibadilishe soli, na alivyovaa ndivyo hivi. Alitoka kliniki Jumatano kabla ya mvua.

"Kwa nini mapema?"

"Sista alinifukuza, afande. Ati ako na mgeni, na hataki mgeni akute watu. Nikamuuliza mgeni gani huyo wa siri. Akacheka. Akatoa ile sanamu ya makalio kwa kabati akasema, Nashon, leo niko na mwanafunzi mkubwa."

"Hakutaja jina?"

"Hakutaja. Alisema mtu mzima akijifunza asiangaliwe na watu." Nashon aligusa paja lake la kulia. "Afande, wewe unanijua. Kabla ya Sista nilikuwa natambaa na mikono. Mimi nimuue, ndiyo nitambae tena?"

Wamalwa alimjua. Walifanya mazoezi kwenye chumba kimoja, saa moja, mguu uleule wa kulia. Kalekye aliwaita mapacha wake. Lakini kumjua mtu si ushahidi, na Inspekta alimwambia hivyo.

Aliamua kumpeleka hospitali jicho litazamwe. Nyuma ya gari la polisi kulikuwa na kidato cha chuma. Nashon alikifikia, akasimama, akaweka mguu wa kushoto juu, ule mzima. Akajivuta. Kisha akashika suruali kwenye paja la kulia, akaunyanyua mguu kwa mkono kama mtu anayeinua ndoo, akauleta kando ya mwenzake.

Wamalwa alikuwa ameshaweka mguu wake mwenyewe juu ya kidato cha mbele. Alitazama chini. Ulikuwa wa kushoto.

Alisimama hivyo, nusu ndani nusu nje, na ghafla akasikia sauti ya miaka mitatu iliyopita. Walikuwa kwenye ngazi zile za udongo, yeye na magongo, Nashon nyuma yake na chuma kipya. Kalekye alikuwa juu barabarani, mikono kiunoni. Kupanda ni mguu mzima kwanza, Inspekta. Wenye nguvu ndio unaoinua mwili. Kushuka ni mbovu kwanza, ili mzima ubaki nyuma ukushikilie. Nashon, ukikosea utaanguka, na mimi sishuki kuwaokota. Waliimba maneno hayo kila siku kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka miguu ikashika bila kichwa kuambiwa.

"Omolo," alisema, "mshushe huyu. Turudi kliniki kwanza."

Waliyaondoa mabati. Udongo ulikuwa umekauka juu na kuganda kama saruji, na kila alama ilikuwa palepale. Wamalwa alipiga magoti kwa shida.

Kwenye kila ngazi palikuwa na nyayo mbili. Ule wa soli nene ulikuwa umechimba mbele, kidole gumba kikizama, jinsi mguu unavyofanya unapobeba mwili kuupandisha. Unyayo wa kushoto ulikuja baadaye, ukakanyaga ukingo wa ule wa kulia na kuubomoa. Ilikuwa hivyo ngazi ya kwanza, ya pili, na nyingine zote. Kulia kwanza, kushoto baadaye.

Omolo aliinama akatazama. "Lakini afande, si kiatu ni chake?"

"Kiatu ni chake. Mguu si wake. Nashon hana msuli wa kumnyanyua kwa mguu huo. Hata umfukuze na simba, atapanda na wa kushoto. Huyu alikuwa na miguu miwili mizima, akataka kuonyesha kilema. Mtu akitaka kuonyesha kitu, anakitanguliza."

Halafu wakaona jambo jingine. Kwenye ngazi ya juu kabisa soli nene ilikuwa imeteleza kwenda nje, mfereji mrefu kwenye udongo, na chini yake alama ya kiganja kilichojishikilia. Mguu wa kushoto ulibaki nyuma, wa kulia ukaenda zake. Mtu yule alipanuka mapaja kama mkasi. Kutoka hapo hadi changarawe ya barabara hatua zilikuwa fupi, na mguu wa kulia ulikuwa ukiburutwa kwelikweli.

Wamalwa alijishika paja la ndani, pale karibu na kinena. Alikumbuka kamba zile kwenye picha ya ukutani, na mpini wa ufagio ukizigusa. Zikichanika, Kalekye alikuwa amesema, mtu anakaa wiki nyingi hawezi kupanua mguu wala kuubana.

"Alianza kwa kuigiza kilema," alimwambia Omolo, "akamaliza akiwa nacho."

Wakati wakirudi mjini, walimpita Muteti kando ya barabara. Alikuwa ameishika baiskeli usukani akiikokota, mkoba wa dawa nyuma yake. Omolo alimsalimu, akamuuliza kwa mzaha kama baiskeli imechoka. Muteti alisema ni haya matope. Wamalwa aligeuka akatazama nyuma. Barabara ilikuwa imekauka, na wauza maziwa wawili walikuwa wanampita Muteti wakikanyaga baiskeli zao.

Mguu Wamalwa alikuwa nao sasa. Sababu hakuwa nayo bado.

Alirudi kliniki jioni ile, jua likiwa bado liko. Akina mama wa Alhamisi walikuwa wamekuja kuomboleza, wamekaa kwenye nyasi na watoto wao. Alimtafuta Nashipae.

"Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Nashipae aliitika, akamsogezea nafasi.

Mtoto alikuwa akijaribu kutembea akishika bega la mama. Kila alipoinua mguu wa kushoto, vidole vilining'inia na kukwaruza chini. Wamalwa alikuwa ameona watoto wengi wa polio katika chumba kile. Mguu wa huyu ulikuwa na paja nono, sawasawa na la pili. Kilichokufa ni kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini.

"Huyu si polio," alisema.

"Si polio. Alishikwa na malaria hii ya mafuriko. Alidungwa sindano ya kwinini, akalia, akalala. Asubuhi mguu umelegea." Nashipae aligusa tako la mtoto. "Sista aliniuliza sindano ilichomwa wapi. Nikamwonyesha. Akachukua ile dawa ya zambarau akamchora mtoto msalaba. Akasema juu huku pembeni ndiyo pa kudunga, hapa chini iko mshipa mnene kama kidole, unaenda mpaka mguu. Sindano imeingia kwa huo mshipa."

"Alikasirika?"

"Sana. Lakini si na mimi."

"Nani alimdunga mtoto?"

Nashipae alishangaa kuulizwa. "Si Daktari Muteti. Wote tunaenda kwake."

Mama aliyekuwa karibu alisikia, akasema wake pia. Mwingine nyuma yake akainua mtoto wake amwonyeshe Inspekta mguu. Wamalwa aliwauliza kama Kalekye alisema atafanya nini.

"Alisema ataongea naye polepole," Nashipae alijibu. "Ni mtu wa kwao. Hataki kumwaibisha."

Jumamosi mchana Muteti alikuwa barazani, miguu yote miwili chini, sambamba. Wamalwa alikuja kwa miguu na fimbo yake, Omolo nyuma, na Mzee Kisemei aliyekuwa njiani akajiunga nao bila kuitwa. Nashipae alisimama ng'ambo na mtoto.

Wamalwa alisema wanahitaji maelezo ya shahidi yaandikwe kituoni. Gari limekwenda Kajiado. Aliigusa baiskeli nyeusi iliyoegemea ukuta.

"Nibebe nyuma, Daktari. Ni mteremko, hutachoka."

Muteti alicheka kidogo. "Leo siendeshi."

"Jana ulisema ni matope. Leo yako wapi?"

"Niliteleza bafuni. Kitu kidogo."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Alhamisi nilipokuja mguu ulikuwa juu ya kreti." Wamalwa alisema bila kupandisha sauti. "Wewe ambaye hukuwahi kukaa bila kupandanisha miguu. Nilidhani unaringa. Haya, panda hata bila mimi. Rusha tu mguu juu ya tandiko kama siku zote, watu waone."

Watu walikuwa wamesimama kuangalia. Muteti alitazama baiskeli, akatazama watu. Labda alifikiri akiweza mara moja tu, yatakwisha. Aliishika usukani, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali, akaurusha wa kulia. Mguu haukufika hata nusu. Alitoa sauti ya chini, baiskeli ikamponyoka, na akabaki ameinama amejishika ndani ya paja.

Wamalwa alimsaidia kukaa kitini. Kisha alimweleza, kwa utaratibu na bila hasira, mbele ya wote: viatu vilivyochukuliwa kibandani na kutupwa nyuma ya nyumba ya Nashon, ngazi zilizopandwa kwa mguu usioweza kupanda, mfereji wa utelezi, kamba ya paja iliyochanika. Alimwambia kwamba hospitali wakimvua suruali wataona damu iliyovia kuanzia kinena kwenda gotini, na rangi yake itasema imekaa tangu Jumatano.

"Mtu anaweza kuumia popote," Muteti alisema.

"Anaweza. Lakini aliyeumia ndiye aliyeniambia alimwona Nashon akipanda ngazi hizo. Nashon hakupanda baada ya mvua. Aliyehitaji tuamini kwamba alipanda ni yule aliyekivaa kiatu chake. Na mezani pa Kalekye iko sanamu yenye nukta mahali ambapo hapadungwi. Ni mahali palepale alipodungwa mtoto yule pale." Alinyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya barabara. "Sista alimwambia Nashon ana mwanafunzi mkubwa. Alimtoa Nashon ili mwanafunzi huyo asione haya. Hakukuita kukushtaki, Muteti. Alikuita kukufundisha."

Lori la saruji lilipita, vumbi likatua.

"Aliniweka mbele ya ile sanamu," Muteti alisema mwishowe, akitazama magoti yake. "Akaniambia, weka alama unapodunga. Mimi nimedunga mji huu wote. Wengine nimewadunga wakiwa wachanga na sasa wana ndevu."

"Ukaweka."

"Nikaweka."

"Akakucheka?"

"Angecheka ningevumilia." Alipangusa uso. "Alilia. Akawataja watoto kwa majina, mmoja mmoja. Akasema nisimguse mtu mpaka nimalize kujifunza, nije kila Jumatano, hakuna atakayejua. Nikikataa atakwenda Kajiado kwa watu wa afya. Nikaona nitakavyoteremka kule kila Jumatano kama mtoto wa shule, na yeye tulikaa naye dawati moja. Kile chuma kilikuwa hapo mkononi."

"Ungejifunza kwa jioni moja," Wamalwa alisema. "Mimi nilikuwa konstebo mwenye watoto wawili nikishika kalamu darasani na vijana. Hakuna aliyekufa."

Hakumfunga pingu. Muteti hangeweza kukimbia. Alishuka baraza akimshika Omolo begani, akatanguliza mguu wa kushoto, ule mzima, akajikuta uzito wote umeangukia ule wenye maumivu, akalia. Kisemei aligeuza uso.

Nashon aliachiliwa jioni ile. Elsie alikuja na bakuli jingine, na safari hii walikula nje ya kituo, kwenye jiwe, na Inspekta akala nao.

Mambo hayo ni ya zamani sasa. Muteti alifungwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, na duka lake likawa la simu, kisha la viatu, kisha likabomolewa. Nyanda zile zimejaa maghorofa ya rangi ya waridi na kijani. Ukisimama mlangoni pa kliniki leo unaona ukuta wa jirani, na vilima vya Lukenya vipo nyuma yake kwa anayevikumbuka. Kliniki yenyewe ipo. Kisemei hakuuza. Wanunuzi walikuja mpaka wakachoka, na alipofariki mwaka 2006 wanawe waliambiwa wasiguse kiwanja hicho. Ngazi zimetiwa saruji na bomba la kushikilia.

Wamalwa amestaafu, anakaa palepale mjini. Mwezi wa kwanza kila mwaka huteremka kumwona Nashon, ambaye bado anatengeneza vyuma, ingawa watoto wa polio wamekwisha na siku hizi wengi ni watu wa ajali za pikipiki. Wanakunywa chai chini ya ile picha ya nyonga na paja, iliyofifia mpaka misuli imekuwa rangi ya maziwa. Mwaka 2010 kijana wa Nashipae alikuwepo, mrefu kama mama yake, na chuma chepesi kisichoonekana ndani ya soksi. Alikuwa amemaliza darasa la nane. Alisema anataka kusomea udaktari wa viungo. Wakamwonyesha mpini wa ufagio.

Chai ilipokwisha wazee wawili walitoka. Walifika chini ya ngazi. Nyuma yao vijana waliokuwa na haraka walisimama kuwapisha, mmoja akinong'ona kwamba hapa tutalala. Hawakugeuka. Nashon alishika suruali kwenye paja. Wamalwa alishika bomba. Hakuna aliyemhesabia mwenzake, na miguu miwili ya kushoto ilipanda pamoja.